Wimbo wa Mchoma Pori

Jumamosi, tarehe 9 Oktoba 1976. Joto tangu asubuhi, upepo wa kusini-mashariki, moshi umekaa chini hata jua linaonekana kama kiini cha yai. Dalili ya mvua hakuna.

Hivyo ndivyo daftari langu linavyosema, na chini yake kuna mstari mmoja tu: "Amemleta mtoto wake." Siku ile sikuandika zaidi. Nataka niandike sasa, ingawa sina hakika kama nitaweza kuandika bila kujipendelea. Nimesoma mpaka darasa la saba tu. Ualimu niliupata wakati ule watoto wote walipotakiwa waingie shule na walimu hawatoshi, tukachukuliwa sisi tuliomaliza la saba, tukawa tunafundishwa huku tunafundisha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mtu akiniambia nimekosea sentensi nitakubali. Akiniambia nimekosea tukio, naye nitamsikiliza, maana wengi walikuwepo na kila mmoja alisimama mahali pake.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Litapunga. Kilikuwa kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari miwili kama wanafunzi, na nyuma ya nyumba za mwisho pori linaanza na haliishi. Ni pori la nyuki. Wanaume wa kwetu walikuwa wanabandua magome ya mti wa mtundu, wanatengeneza mizinga, wanaitundika juu ya miti. Asali ikisharinwa, mwezi wa tano au wa sita, walikuwa wanachoma nyasi chini ya ile miti. Nimeliona jambo hilo tangu nabebwa mgongoni na sikuwahi kuuliza kwa nini. Mtu anaweza kukaa na jambo miaka yote hiyo asiulize.

Mwezi wa pili mwaka ule mwalimu mkuu alinipeleka Mpanda mjini kwenye semina ya siku tano. Tulifundishwa kutunza miti, udongo na vyanzo vya maji, ili tukawafundishe watoto. Bwana miti aliyetufundisha alikuwa mpole, anarudia jambo mpaka uelewe. Daftari la semina ninalo hadi leo. Siku ya tatu nimeandika, "Moto ni adui wa msitu," nikapiga mstari chini mara mbili. Mstari unaofuata unasema, "Moto wa mapema," halafu patupu mpaka mwisho wa ukurasa. Nimejaribu kukumbuka. Labda niliitwa nje. Labda nilisinzia, maana ilikuwa baada ya wali na maharage na chumba kilikuwa na bati bila dari. Labda nilikuwa nacheka na jirani yangu. Siwezi kusema bwana miti hakutufundisha. Ninachoweza kusema ni kwamba nilirudi kijijini na nusu ya somo.

Nusu hiyo niliifundisha kwa nguvu zangu zote.

Nilitunga wimbo. Sikunakili popote, ni wangu, na watu waliusifu sana, hata mama yangu aliuimba akitwanga:

Mchoma pori, mchoma pori,
uso mweusi kama sufuria!
Pori likiisha utakula nini?
Utakula majivu! Utakula majivu!

Halafu nikaweka utaratibu. Kila Jumatatu, watoto wakiwa mstarini, nauliza nani ameona moto porini. Anayetoa habari ya kweli anakuwa Mlinzi wa Pori. Anafungwa kitambaa chekundu mkononi na wiki nzima anapiga kengele. Anayetajwa, kama ni mtoto, anasimama mbele, na aliyemtaja anachovya mkono kwenye kopo la masizi na kumpaka usoni. Kisha shule nzima inaimba. Mwalimu mkuu alifurahi, lakini hakunilazimisha. Hakuna aliyenilazimisha. Wenyeviti wa nyumba kumi walikuja kutazama, wakasema hivi ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu mwaka uliopita moto wa mtu ulikuwa umeruka na kula ghala mbili za mahindi. Hilo ni kweli na lazima niliandike. Watu walikuwa na sababu ya kuuogopa moto.

Watoto waliupenda mchezo ule. Nasema mchezo kwa sababu kwao ulikuwa mchezo. Wakikutana na aliyewahi kupakwa, hata kisimani, wanamwuliza, "Leo umenawa?" Au, "Nyie kwenu sabuni ipo?" Mtoto mmoja wa darasa la tatu aliacha shule kwa wiki mbili. Nilimfuata kwao, nikamrudisha, nikampaka tena kwa utoro. Hilo nalo ni langu.

Kulikuwa na binti wa darasa la tano, umri kama miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa amefariki, anaishi na baba yake na shangazi yake. Baba yake ndiye alikuwa mrina asali mkubwa kuliko wote kijijini, mtu mrefu, mkimya, hodari wa kupanda miti hata uzeeni. Mtoto alikuwa amerithi jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo baba alimwita "mama." Ungewasikia jioni: "Mama, leta maji." "Mama, umekula?" Na mtoto anajibu kwa sauti ya kikubwa, "Nimekula, mwanangu," na wote wanacheka.

Mtoto huyo alinipenda. Sijui niseme vipi bila kujisifu. Alikuwa ananibebea vitabu, anaandika kama mimi, hata mkia wa herufi alikuwa anaukunja kama ninavyoukunja. Kitalu cha miche ya shule yeye ndiye alikuwa anakimwagilia kuliko wote. Nilipowaambia msitu ni mama wa mvua, aliamini. Wenzake walikuwa wanataka kengele tu. Yeye aliamini.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita niliuliza kama kawaida, "Nani ameona moto?"

Binti yule akanyoosha mkono.

"Mimi, Mwalimu."

"Wapi?"

"Kule ng'ambo ya kijito. Jana jioni."

"Nani alikuwa anachoma?"

Akaangalia mikono yake. Hapo nilijua. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na mizinga ya mtu mmoja tu. Ningeweza kusema, njoo tuongee ofisini. Nilikuwa na nafasi, hata pumzi mbili tatu zilipita. Badala yake nikasema, "Sema kwa sauti, wenzako wa nyuma wasikie."

"Baba."

Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Haa! Huyu leo halali ndani!" Shule nzima ikacheka. Mimi nikachukua kitambaa, nikamfunga mkononi mbele yao, nikasema hivi ndivyo Mtanzania anavyotakiwa kuwa, haogopi hata mzazi. Mtoto akatabasamu. Alikuwa na pengo juu, upande wa kushoto.

Kijiji kikakaa kikao, kikakubaliana kwamba mtu mzima naye apitie utaratibu wa shule, iwe fundisho. Sikupendekeza mimi. Lakini nilikuwepo kwenye kikao na sikukataa. Jumatano mgambo wawili walimleta uwanjani. Alikuja mwenyewe, hawakumshika. Kopo la masizi lilikuwa tayari.

Mwalimu mkuu akaninong'oneza, "Apake mwingine. Huyu ni mtoto wake."

Nikamjibu, "Mwalimu, sheria ni sheria. Tukipindisha kwa mmoja, kesho watasema tunabagua."

Nilikuwa nadhani hiyo ndiyo haki. Nimekuwa hivyo tangu utoto, napenda kila mtu apate kipimo kilekile. Sijui kama ni tabia nzuri.

Mtoto akachovya mkono. Hakumfikia, baba alikuwa mrefu. Basi baba akainama ili amfikie. Akafumba macho kama mtu anayenyolewa. Mtoto akampaka mashavu, kidogo kidogo, kwa vidole viwili, akarudi mstarini. Nikainua mkono, wakaimba. "Utakula majivu! Utakula majivu!" Wengine waliruka kwa furaha. Shangazi wa mtoto alikuwa kando ya uwanja, akaondoka kabla wimbo haujaisha.

Baba alipofungua macho aliniangalia mimi, si mtoto. Akasema taratibu, tena kwa heshima, "Mwalimu, nyasi hizi lazima ziungue. Sasa hivi zina ubichi chini, moto unatembea kwa magoti. Ukizikataza leo, utazikuta mwezi wa kumi, na wakati huo moto haumsikilizi mtu."

Nikawageukia watoto, nikasema, "Mmesikia? Mchoma pori hakosi maneno."

Wakacheka. Na mimi nilicheka.

Mwaka ule hakuna aliyechoma tena, wala hakupatikana Mlinzi wa Pori mwingine. Nyasi zilisimama mpaka kwenye kifua cha mtu. Niliwapeleka watoto kuzitazama, nikawaambia, angalieni msitu unavyonenepa. Mwezi wa saba mama yangu aliniambia jambo alilolisikia kisimani. Baba yule hakumpiga mtoto, hakumgombeza, hakumnyima kitu. Ila aliacha kumwita mama. Alikuwa anamwita "mwanafunzi." "Mwanafunzi, leta maji." "Mwanafunzi, umekula?"

"Na mtoto anajibuje?" niliuliza.

"Anajibu ndiyo, baba. Ulitaka ajibuje?"

Mama akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Wewe umesoma siku tano. Yule amesoma pori tangu ameota meno."

"Lakini wewe si uliuimba ule wimbo, mama?"

"Niliuimba. Mtu akikosea kuimba anaweza kunyamaza. Wewe unaweza kunyamaza?"

Moto ulikuja mwisho wa mwezi wa tisa. Nani aliuwasha hajulikani mpaka leo. Wengi walisema ni wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, kwa sababu ni wageni na mgeni hana wa kumtetea. Sikuona ushahidi wowote, na ng'ombe wao wenyewe watatu waliungua. Ulikuja mchana, na upepo, ukapita juu ya vichwa vya miti. Tulisikia sauti yake kabla hatujauona, kama lori linapanda mlima. Wanaume walikata matawi mabichi wakapiga, nywele zikawaungua, wakakimbia. Nyumba zilipona kwa sababu ya mashamba yaliyolimwa. Kitalu cha shule kiliisha kwa muda wa kunywa kikombe cha maji. Yule mtoto alikuwa amekwenda na ndoo yake kumwagilia, tukamvuta kwa nguvu, mguu mmoja umebabuka.

Siku ya pili baba yake alikwenda ng'ambo ya kijito. Nilikwenda pia, sijui kwa nini, labda nilitaka kuona kwa macho yangu nisije nikasema niliambiwa. Mizinga ilikuwa imeanguka imefunguka. Nta ilikuwa imechuruzika kwenye mashina ya miti na kuganda ikiwa nyeusi. Nyuki waliokufa walikuwa wamejaa chini, ukikanyaga wanalia kama makapi. Alikuwa anaokota mzinga mmoja mmoja, anachungulia ndani, anauweka. Anaokota mwingine, anachungulia. Aliniona, akaendelea kuokota. Kati ya yote ulibaki mzinga mmoja, karibu na maji, umeungua upande.

Wiki iliyofuata bwana miti alifika na gari kutoka Mpanda kuangalia hasara. Alikuwa yuleyule wa semina. Akasimama mbele ya watu akauliza, "Mwaka huu hamkuchoma mapema? Kwa nini?"

Mwenyekiti wa kijiji akaangalia viatu vyake. Mwalimu mkuu akakohoa, akasema, "Tulikuwa tunatunza msitu."

Bwana miti akashangaa, "Lakini hilo si tulifundisha?" Akanitazama mimi, sio kwa ubaya, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. Mimi nikatazama pembeni. Nilikwenda nyumbani nikafungua daftari. Moto wa mapema, halafu patupu.

Ndipo Jumamosi ile ya tarehe tisa baba yule alipokuja. Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni. Mtoto alitangulia, ana mkeka kichwani na sare yake mkononi, anachechemea. Baba yuko nyuma. Alimsalimia mama vizuri, akaulizia mgongo wake. Halafu akaniambia, "Mwalimu, nimekuletea mwanafunzi wako. Wewe ndiye unayemfundisha, mlee."

Nilisema maneno mengi. Nilisema nimekosea, nimefahamu, mtoto hana kosa, kosa ni langu. Akasikiliza mpaka mwisho. Alipoona nimemaliza, akasema, "Uliponiambia mimi nimekosea, uliniambia humu ndani?"

"Hapana. Uwanjani."

"Basi."

Akageuka. Hatua chache akasimama, akasema bila kutazama nyuma, "Na akupake yuleyule aliyenipaka mimi."

Mtoto alikaa kwenye mkeka wake uliokuwa umekunjwa bado. Mama akamwita jikoni, akampa kazi, kisha akaniambia polepole, "Hakuleta unga. Umeona? Baba akimtoa mtoto moja kwa moja, anampeleka pamoja na unga wa chakula chake cha kwanza, mtoto asiwe mzigo. Huyu hajaleta. Ana hasira tu. Fanya anavyotaka, mtoto atarudi kwao."

Nililishika neno hilo Jumapili nzima. Mtoto naye nadhani alisikia, maana mkeka hakuukunjua kabisa. Alilala juu ya kanga ya mama.

Jumatatu nilimwambia mwalimu mkuu nitakachofanya. Akasema, "Utawapoteza watoto. Hawatakuheshimu tena." Nikamjibu inawezekana. Hakunizuia. Baba alikuwa amesimama mbali, nyuma ya goli, ameshika kofia. Nikasimama mbele, nikawaambia watoto kwamba Mwalimu aliwafundisha nusu ya jambo akadhani ni zima, na kwamba mzee yule alisema kweli. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Wa nyuma wakapiga kelele, "Hatusikii!" Nikarudia. Kisha nikaita, "Mlinzi wa Pori aje apake."

Alikuja na kopo. Nilipiga magoti ili asihangaike. Nilidhani atanipaka kidogo, vidole viwili. Alichovya kiganja chote. Alianzia kwenye paji la uso, akashuka, akapaka kope, akapaka masikio mpaka nyuma, akapaka shingo. Hakuwa na haraka. Alikuwa anafanya kazi nzuri, kama nilivyomfundisha kufanya kila kazi, na uso wake haukuwa na hasira wala huruma. Alipomaliza alifuta mkono kwenye nyasi akarudi mstarini.

Wakaimba. Sikuinua mkono, walianza wenyewe. Hawajawahi kuimba vile. Wa darasa la kwanza walikuwa wanaruka. Yule mtoto wa darasa la tatu niliyempaka kwa utoro alikuwa anaimba amefumba macho. Binti naye aliimba, mwanzo mpaka mwisho, amenyooka.

Niliwaacha, nikamfuata baba yake nyuma ya goli, jasho na masizi vinaniingia mdomoni.

"Nimefanya," nikasema.

"Nimeona."

"Basi mtoto..."

Akamtazama mtoto kwa mbali, muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nilifikiri ataita. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha akavaa kofia.

"Mimi alinipaka mashavu tu," akasema. "Wewe mpaka nyuma ya masikio. Ameshakuwa fundi." Akaondoka kupitia njia ya kijito.

Sina haki ya kusema alinidanganya. Hakuahidi kitu. Ni mimi na mama tulioahidiana.

Jioni, jua halijazama, shangazi wa mtoto alifika. Hakuingia. Aliweka kizingitini ungo uliofunikwa na majani, akasema, "Ametuma," akaondoka bila kungoja ungo wake. Mama akafunua. Ndani kulikuwa na unga wa mahindi, mweupe, umechekechwa vizuri, na juu yake kipande cha sega kutoka ule mzinga uliobaki. Mama aliangalia unga, akaangalia mtoto, akafunika tena.

Mtoto alikuwa ameona. Alikwenda ndani. Tulisikia anakunjua mkeka.

Mama akasonga. Tulikula ugali wa unga ule na lile sega. Lilikuwa limeungua upande mmoja na majivu yalikuwa yameingia ndani ya asali, yanakwaruza kwenye meno. Mama alikula. Mimi nilikula. Mtoto alikula ugali mtupu, akanawa, akaniuliza kama kesho atapiga kengele.